Meneja Hataki Kukaa

Jumatatu, 9 Juni

Mbwa wetu Meneja amepewa hadi Jumamosi. Naandika kwa mkono uliotulia, maana asubuhi nilidhani amepewa hadi leo.

Mambo yalivyo ni haya. Jana baada ya ibada jirani yangu Mbae, mzee wa kanisa, alisimama mpakani na suti yake ya rangi ya krimu kunieleza habari ya ua wangu wa miti ya miba, kayaba. Umeota sana, unamfunikia kahawa. Tukagombana. Mimi na Mbae tukigombana hutumia Kiswahili. Kiembu ni cha salamu na matanga, hakifai kwa mambo ya mpaka. Alipofika hoja ya pili, Meneja alitoka nyuma ya zizi, akakimbia moja kwa moja, akaweka miguu ya mbele kwenye mabega ya Mbae. Mbae akaenda kinyumenyume na kukaa ndani ya shimo la maganda ya kahawa. Suti haifai tena ila kwa kupalilia.

Leo amekuja naibu wa chifu, Madam Gladys. Mbae alikuwa amemwambia nilimtuma mbwa. Nikamweleza Madam kwamba Meneja hajawahi kutumwa mahali akaenda. Ni kweli, na ni aibu. Madam akasema hana haja ya historia. Atarudi Jumamosi saa nne. Meneja akiambiwa akae na akakaa, kesi imekwisha. Asipokaa, atakuja kuchukuliwa na watu wa mifugo. Hao wakichukua mbwa hawarudishi.

Mke wangu Karwirwa alisikia yote akichambua maharagwe. Meneja alitoka kwa mama mzazi wa Karwirwa kule Kanyakine, Meru, akaletwa huku kwetu Runyenjes, Embu, kwenye kikapu. Jina alipewa na mama mkwe, kwa sababu hata udogoni alipenda kusimama na kuwaangalia wengine wakifanya kazi. Karwirwa akasema polepole, bila kuinua macho, "Baba Kaari, huyu akitoka kwa hii boma, mimi pia nitapanda gari nikasalimie mama."

Nikamuuliza atasalimia kwa muda gani.

Akasema mama yake ni mtu wa salamu ndefu.

Nimeenda uani kumpima Meneja. Mimi huongea naye Kiswahili sanifu, tena kwa adabu. Kidato cha nne Kiswahili kilikuwa somo langu bora, na mbwa wa nyumba iliyosoma hafai kufokewa. Nikasema, "Meneja, tafadhali ukae." Akaja mbio akanikumbatia. Nikarudia kwa upole zaidi. Akanikumbatia zaidi. Shati limekwisha.

Hata hivyo, Jumamosi bado iko mbali. Nimekunywa chai kwa nafuu kubwa.

Jumanne, 10 Juni

Nimeuliza sokoni kuhusu wakufunzi wa mbwa. Wapo. Bei zao ni za watu wenye majani chai, si sisi wa kahawa.

Nikatembea nikifikiri. Mtu mwenye ujuzi hupenda malipo, lakini kuna kitu anachopenda kuliko malipo: kuambiwa mbele za watu kwamba anamshinda mwenzake. Kufika nyumbani mpango ulikuwa umekamilika.

Nimeunda Jopo la Kutathmini Wakufunzi wa Mbwa, Embu na Meru. Mwenyekiti ni mimi. Katibu ni mimi. Nilimpa Karwirwa nafasi ya mweka hazina, akauliza hazina iko wapi, basi nikaichukua pia. Kila mkufunzi atakuja na kufundisha mbele ya Jopo. Jopo litatoa mbwa wa mtihani. Mshindi atapata cheti. Na mbwa wa mtihani, bila kugusa mfuko wa mtu yeyote, atakuwa amefundishwa mara kadhaa. Sijui kwa nini hakuna aliyewahi kufikiria jambo hili.

Kanuni ya kwanza ya Jopo: amri zote zitolewe kwa Kiswahili sanifu na kwa adabu.

Nimetuma tangazo kwenye kundi la WhatsApp la wakulima. Kufikia jioni watatu wamepiga simu. Mmoja aliniita "Mheshimiwa Mwenyekiti". Sikumsahihisha.

Karwirwa amesikika mlangoni pa jikoni akimwita Meneja kwa Kimeru chake, na sahani mkononi. Meneja akapaa kwenda kwake. Nimemkumbusha kwamba tulikubaliana mbwa ataongeleshwa lugha moja. Akasema ni mimi niliyekubaliana.

Jumatano, 11 Juni

Mtahiniwa wa kwanza: Mutugi, kutoka Makutano, Meru mjini. Zamani alilinda maghala pamoja na mbwa wakubwa. Amekuja na buti na filimbi shingoni. Njia yake ni sauti. Anasema mbwa haogopi fimbo, anaogopa koo.

Ameanza kwa Kiingereza. Meneja akamtazama jinsi anavyomtazama mgeni wa kanisa. Nikamkumbusha Mutugi kanuni ya kwanza. Akauliza kama adabu ni lazima. Nikasema Jopo halina uwezo wa kubadilisha kanuni katikati ya wiki. Basi akapanua kifua, akanguruma, "Tafadhali ukae!" Kuku wa Mbae walinyamaza.

Meneja alienda kwake kama mzigo ulioachiliwa mlimani. Mutugi alikaa yeye, ndani ya beseni la nguo za Karwirwa.

Alipotoka alikuwa mweupe kwa povu na mwenye mawazo. Akaniambia kando kwamba katika kazi yake yote ameona mbwa wa namna hii mmoja tu, na yule alikuwa amefundishwa na majambazi. "Huyu ukimwambia akae, ndio anashambulia," akasema. "Bwana Mwenyekiti, kuna mtu amempindua kichwa."

Nimefikiria sana maneno haya. Nani angempindua? Nimetazama upande wa Mbae.

Alama za Mutugi: sauti, tisa kwa kumi. Kusimama wima, sifuri.

Karwirwa amefua upya. Kisha nimeona begi la safari limeshushwa kutoka juu ya kabati. Nilimuuliza. Akasema analianika juani. Nikapumua. Baadaye nikakumbuka ni Juni, msimu wa ukungu, na hakuna jua.

Alhamisi, 12 Juni

Mtahiniwa wa pili: Lydiah, kutoka Embu mjini. Mwanamke mfupi, koti la mvua, mfuko wa maini yaliyochemshwa kiunoni. Amefundisha mbwa wa hoteli moja na wa padre mmoja. Kabla ya kuanza akaniomba kitu cha ajabu. Akaniomba ninyamaze.

Nikamweleza kwamba mwenyekiti hawezi kunyamaza, kwa sababu katibu lazima apokee maoni ya mwenyekiti. Akanionyesha jiwe kando ya tangi la maji, akasema, "Mzee wangu, kaeni pale wote wawili, mwenyekiti na katibu."

Nikakaa.

Yeye mwenyewe hakusema lolote. Alishika kipande cha ini juu ya pua ya Meneja, akakirudisha nyuma taratibu. Meneja akakifuata kwa macho, kichwa kikapanda, makalio yakashuka. Amekaa. Mbwa wangu amekaa chini kama mtoto wa Shule ya Jumapili. Akarudia kwa mkono mtupu. Akakaa tena. Karwirwa alikuwa amesimama mlangoni na kijiko kinachodondosha uji, na nikaona uso wake ukilegea kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Nilijawa na furaha. Nikasema kutoka kwenye jiwe, "Vizuri sana, Meneja. Sasa ukae vivyo hivyo."

Meneja akaamka, akaja mbio, tukaanguka nyuma ya tangi.

Lydiah alifunga mfuko wake. Akaniambia mbwa hana tatizo hata moja. Nikamuuliza basi tatizo liko wapi. Akasema hilo angependa kulijibu akiwa ameshapata cheti.

Nimetafakari kwa haki. Kumpa mbwa ini ili akae ni hongo, na Jopo haliwezi kuidhinisha hongo. Pili, amevunja kanuni ya kwanza kwa njia ambayo sikuitarajia: hakutumia Kiswahili kibaya, hakutumia lugha kabisa. Na ikiwa Madam Gladys atamwona Meneja akikaa kwa sababu ya nyama, Mbae atasema ni mchezo. Alama: mbili kwa kumi. Moja ni ya kufika kwa wakati.

Karwirwa amesema kama kesi ingekuwa yake, angempa Lydiah cheti na boma pia. Wanawake husaidiana. Nimefarijika kwamba kesi si yake.

Ijumaa, 13 Juni

Mtahiniwa wa tatu: Njeru, wa hapa hapa Runyenjes. Ana duka la vipuri vya pikipiki na elimu yote ameipata kwenye simu. Kati ya wote ndiye aliyenielewa. Anasema Meneja hakai kwa sababu hajui nani ni mkubwa wa boma. Nikamwambia hilo nimelishuku kwa miaka. Karwirwa alikohoa jikoni.

Njia ya Njeru ni hii: mwenye boma ajifanye mbwa mkubwa kuliko mbwa. Apite mlangoni kwanza. Alale mahali pa mbwa. Na lililo kubwa zaidi, ale kwanza, kutoka sahani ya mbwa, mbwa akiangalia.

Nikauliza kama kijiko kinaruhusiwa. Akauliza kama nishawahi kuona mbwa na kijiko.

Nilipiga magoti. Githeri, mahindi na maharagwe yetu, lilikuwa la jana lakini si baya. Meneja alikaa pembeni akinitazama. Naandika tena: alikaa. Nilikuwa karibu kushangilia kwa mdomo uliojaa maharagwe niliposikia sauti juu ya kayaba. Ni Mbae, amesimama juu ya ngazi ya kuchumia parachichi. Alinisalimu kwa Kiembu, kwa upole mwingi, akauliza kama watu wa nyumbani wanaendelea vizuri. Nikajibu tunaendelea vizuri. Akasema ameona.

Njeru akasema nisivunjike moyo, sasa ningurume. Nikanguruma. Meneja akainama, akaenda nyuma ya zizi, akaniletea mfupa wake.

Hii ilinigusa. Nimempa Njeru nane. Ila nilipomwambia Meneja, kama mkubwa wa boma, "Tafadhali ukae," alinirukia akaniangusha juu ya sahani. Njeru akasema mafunzo huchukua muda kuingia. Amekubali kuja kesho kusikia matokeo. Nikasema vizuri sana.

Nimekumbuka jambo sasa hivi nikiandika. Tangazo langu linasema matokeo yatatolewa Jumamosi saa nne. Wote watatu watakuja. Madam Gladys pia atakuja saa nne.

Begi la Karwirwa sasa lina nguo ndani. Nimelinyanyua. Ni zito.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika polepole ili nisiruke kitu.

Saa nne walifika wote, kwa mpango ambao hata mkutano wa chama chetu cha ushirika haujawahi kuupata. Madam Gladys na faili. Mbae na suti ya kijivu, ya akiba. Mutugi na buti, Lydiah na koti, Njeru na simu. Karwirwa alitoa viti, kisha akasimama mlangoni na begi lake miguuni. Nilitazama begi zaidi kuliko nilivyotazama mbwa.

Madam aliuliza hawa watatu ni nani. Mutugi akasema wamekuja kwa matokeo ya Jopo. Madam akauliza Jopo gani. Nikasema ni jambo refu. Akaomba kuona cheti nilichokuwa nimekishika, akakisoma kwa sauti, pamoja na sahihi ya mwenyekiti, ya katibu na ya mweka hazina. Akasema mwandiko unafanana. Njeru akaniuliza kama na mweka hazina alikula githeri. Watu walicheka, na mimi sikujua niangalie wapi.

Madam akasema tuanze na mbwa, watu watafuata. "Mwambie akae."

Nikasema kwa adabu yangu yote, "Meneja, tafadhali ukae."

Akaja. Akaweka miguu kwenye mabega yangu, akalamba sikio. Mbae aliinuka na kidole juu, akasema Madam ameona kwa macho yake, huyu si mbwa, huyu ni silaha. Kule mlangoni Karwirwa aliinama akashika mkono wa begi. Nilimwona.

Madam akamwambia Mbae, "Mzee, ukae kwanza, nimalize."

Meneja akaniacha. Akakimbia kwa Madam Gladys, akaweka miguu kwenye faili la serikali, akatikisa mkia.

Mutugi akashika filimbi. Madam hakusogea. Alimwangalia Meneja, akamwangalia Mbae, kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu wa Jopo aliyewahi kuuliza. Jumapili ile, kabla ya mbwa kuja, wewe Mbae ulikuwa unasema nini? Neno lenyewe.

Mbae anajivunia Kiswahili chake karibu kama mimi. Akajinyoosha, akasema, "Nilimwambia waziwazi, ukate kayaba yako."

Meneja akageuka akaenda kwa Mbae. Mbae akapanda juu ya kiti.

Hapo ndipo Karwirwa alipoweka begi chini na kuanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Akasema, "Madam, huyu anaitwa, naye anaitika. Mimi nikimpa chakula ninamwambia uka." Akalisema lile neno kama anavyolisema kila jioni, na Meneja akaondoka kwa Mbae akaenda kusimama mbele yake, masikio juu.

Uka. Kwa Kimeru ni njoo. Kwa Kiembu chetu pia ni njoo. Kila mtu aliyekuwa uani alilijua neno hilo kabla hajajua kutembea, na mimi pia. Ukae, ukate: mbwa hangoji mwisho wa neno, anasikia uka na kwenda. Mimi sikuwahi kulisikia ndani ya Kiswahili, kwa sababu nikiongea Kiswahili huwa ninasikiliza Kiswahili.

Mutugi akasema taratibu, "Kumbe nilimwita mimi mwenyewe."

Lydiah aliniuliza kwa heshima alama zake zilikuwa ngapi. Nikamwambia mbili. Akamwangalia Karwirwa, na wote wawili wakaingia jikoni kunywa chai bila kunialika.

Uamuzi wa Madam Gladys: mbwa hana kosa. Katika eneo lake lote hajaona mwingine anayeitika hivyo, hata miongoni mwa watu. Meneja abaki. Mimi nikate kayaba. Mimi na Mbae, kuanzia leo, mambo ya mpaka tuyaongee kwa Kiembu. Na Jopo livunjwe hapo hapo, wakufunzi wapewe nauli na chakula cha mchana.

Mbae alisaidiwa kushuka kwenye kiti. Cheti kimechukuliwa na Lydiah, ambaye hakuuliza mtu.

Jioni Karwirwa alirudisha begi juu ya kabati. Nilimshikia kiti akipanda. Lilikuwa jepesi. Nimeketi kitandani kwa muda nikilitazama tu. Sijapata kuona kitu kizuri kama begi tupu.

Jumapili, 15 Juni

Nimekata kayaba baada ya ibada. Mbae alikuja na panga lake upande wa pili. Tulijaribu kugombana kwa Kiembu kama tulivyoamriwa. Haiwezekani. Lazima kwanza uulize ng'ombe, kisha watoto, kisha mguu wa mama yake. Tulipofika kwenye hoja ya ua, chai ilikuwa imeletwa, na wote wawili tulikuwa tumesahau nani alianza. Akaniuliza kama githeri lilikuwa na chumvi ya kutosha. Nikasema ilipungua kidogo. Tukacheka, yeye zaidi.

Mama mkwe amepiga simu kumsalimia Meneja. Alipoisikia sauti yake kwenye simu, Meneja alikimbia akaiangusha. Simu inafanya kazi. Nafuu juu ya nafuu.

Jumanne, 17 Juni

Nimekuwa na siku mbili za kutafakari kwa utulivu na nimeona kosa lilikuwa wapi. Kosa halikuwa Kiswahili sanifu. Kiswahili sanifu hakina kosa. Wala si adabu. Kosa lilikuwa neno moja, kukaa, ambalo kwa mbwa wa Kanyakine lina utata. Dawa ni rahisi: neno hilo liachwe, amri nyingine zote ziendelee kama kawaida.

Nimemweleza Karwirwa. Ameniuliza kama nina hakika. Nimesema nimelichunguza jambo lote kwa utaratibu. Akasema "haya, Baba Kaari," akasogeza sufuria ya maziwa mbali na mimi. Sikuelewa kwa nini.

Kisha nikamgeukia Meneja, aliyekuwa amejilaza karibu na moto, nikamwambia kwa upole, mkono ukielekeza nje, "Sasa, tafadhali, ukalale kwenye banda lako."

Ukurasa huu una alama ya mguu. Naomba radhi kwa wino.

Nikajaribu ukanyamaze. Nikajaribu ukatulie. Sasa nina michubuko mitatu, na Karwirwa amelala mezani kwa kicheko.

Nimefikia uamuzi. Mbwa huyu ana ugonjwa wa masikio. Anahitaji daktari wa mifugo, tena mzuri. Lakini madaktari ni wengi na bei zao nimezisikia. Nimefungua ukurasa mpya kwenye simu na kuandika tangazo. Jopo la zamani lilivunjwa, ni kweli, na uamuzi wa Madam nauheshimu. Hili ni jopo jingine kabisa. Mweka hazina ni mpya: Meneja.